Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie dukani
Kwetu Mkiwa, njia panda ya Itigi, taa ya injini ikiwaka utasikia: "Nunua sensa." Subiri kwanza, mwanachuo. Corolla nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 hazihitaji mashine ya kupimia. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS; ramani ya matundu iko ndani ya kifuniko. Gari likiwa limezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Hesabu taa inavyokonyeza: mbili, inatulia, moja. Hiyo ni 21, saketi ya sensa ya oksijeni. Saketi nzima, siyo sensa tu! Waya uliokatika huleta namba hiyohiyo. Kwa hiyo pima waya kabla hujatoa hela.