Kwa Nini Kifuko cha Ateri ya Ubongo Hurudi Baada ya Kuzibwa?

Mto wa sufi ukiwa mpya huwa umejaa na kuumuka. Ukilaliwa kwa miezi kadhaa, sufi hushindiliwa, na nafasi tupu hutokea. Jambo lifananalo na hilo huweza kumpata mgonjwa aliyetibiwa aneurizimu ya ubongo, yaani kifuko kinachotokeza mahali ambapo ukuta wa ateri umedhoofika. Kifuko hicho kikipasuka, damu huvuja kandokando ya ubongo na kuhatarisha maisha.

Mwaka 1990, mjini Los Angeles, daktari Guido Guglielmi na wenzake walianza kutibu ugonjwa huu kwa njia mpya, bila kufungua fuvu. Mrija mwembamba huingizwa katika ateri ya kinena na kuongozwa kwa eksirei hadi kwenye kifuko, kisha nyuzi laini za platini huzongwa ndani yake. Kwa kawaida nyuzi hizo hujaza kama robo tu ya nafasi. Sehemu kubwa iliyobaki hujazwa na damu iliyoganda. Kwa hiyo kuziba si kupona. Kifuko hupona pale utando mpya unapoota na kuufunika mdomo wake.

Utafiti uliochapishwa na wataalamu wa Montreal mwaka 2003 ulionyesha kuwa karibu theluthi moja ya vifuko vilivyofuatiliwa vilifunguka tena kwa kiasi fulani. Je, ni vipi vilivyo hatarini zaidi? Kwanza, vile vyenye upana wa milimita 10 au zaidi. Pili, vyenye mdomo mpana, ambao ni vigumu kuota utando. Tatu, ambavyo havikuzibwa kikamilifu tangu mwanzo. Nne, vilivyotibiwa mara tu baada ya kupasuka, kwani damu iliyoganda humo huweza kuyeyuka baadaye na kuziacha nyuzi zikilegea. Mahali nako kuna athari: kwenye njia panda ya ateri, mkondo wa damu huzigonga nyuzi moja kwa moja, mapigo yapatayo laki moja kila siku.

Yafaa tukumbuke kwamba kufunguka tena si kupasuka. Kupasuka baada ya tiba hutokea kwa nadra. Lakini kifuko kinachorudi mara nyingi hakiumi wala hakitoi dalili. Mgonjwa anayejiona mzima huweza kuacha kwenda kupigwa picha, hali picha ndizo pekee ziwezazo kumwonya mapema. Basi tiba haimaliziki siku mgonjwa aondokapo hospitalini.