Skonzi za Maziwa Yaliyolala

Julai hii ukungu hauondoki Karatina hadi saa nne asubuhi, na Mlima Kenya hatujauona kwa siku kadhaa. Ndiyo majira ya kuoka skonzi. Sisemi zile laini za dukani zenye sukari, bali za mviringo zinazoumuliwa kwa maziwa mala, bila hamira. Kule kusini mwa Marekani ndugu zake huitwa biskuti. Kwetu biskuti ni ile kavu ya pakiti, basi jina skonzi na libaki.

Jina hilo ni la Scotland, walikotoka wamisionari waliojenga misheni ya Tumutumu, hapo juu ya mji wetu. Lakini maziwa ya kugandisha yalikuwa kwenye vibuyu vyetu kabla yao. Na mala ni maziwa lala: yamelala usiku kucha. Inaniuma kuona watu wakiyamwaga kwa kuwa yameganda, kana kwamba yameharibika.

Shosho, yaani nyanya yangu, alichemsha maziwa ya jioni, akayaacha yapoe hadi kidole kivumilie, akatia kijiko cha mala ya jana, akafunika na kuyaweka karibu na meko, maana baridi ya huku huchelewesha kuganda. Asubuhi yalikuwa mazito, yenye ukali mwembamba. Ukali huo ndio unaofanya kazi: asidi ikikutana na soda ya kuokea, gesi huzuka papo hapo na unga ukaanza kupanda. Magadi ya kulainishia githeri hayafai hapa. Huacha ladha ya sabuni.

Vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko viwili vya chai vya bekin pauda, nusu kijiko cha soda, nusu cha chumvi. Gramu 90 za siagi ngumu, ukiifikicha kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama chengachenga. Hapa baridi yetu ni neema: Mombasa siagi ingeyeyuka mkononi, huku kwetu Nyeri hukaa imara hata bila friji. Kisha robo tatu ya kikombe cha mala.

Na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Mikono yetu imezoea chapati, ambayo hukandwa hadi ilainike. Skonzi ukiikanda hivyo inakuwa jiwe. Changanya kwa mwiko hadi ushikane tu, ukunje mara tatu au nne, ubonyeze uwe na unene wa vidole viwili, ukate kwa glasi iliyopakwa unga. Glasi ishuke wima. Ukiizungusha unaziba kingo, nayo skonzi itaumukia upande mmoja.

Asiye na ovena asikate tamaa. Sufuria nzito hutiwa mchanga mkavu, ikapashwa moto robo saa juu ya jiko la makaa. Sahani ya bati yenye skonzi inaingia, mfuniko unafuata, na makaa mengi zaidi yanapangwa juu ya mfuniko kuliko yaliyo chini. Usifunue kabla ya robo saa. Shosho hakutazama saa. Alisubiri harufu ya siagi ifike mlangoni, ndipo akaondoa makaa kwa koleo, moja moja, jivu lisiingie.

Skonzi haikatwi kwa kisu. Unaipasua kwa vidole ingali moto, mvuke ukupige usoni, unapaka siagi, na chai ya maziwa iwe imeshamiminwa.