Fidia Isiyofika Malishoni

Kabla mgodi wa North Mara haujaanza uzalishaji mwaka 2002, watu wa Nyamongo, wilayani Tarime, walikuwa wakiitafuta dhahabu hiyo hiyo kwa nyundo na karai, baada ya kutoka katika mashamba yao ya mtama, ulezi na muhogo. Na kilichopatikana machimboni aghalabu kiligeuzwa kuwa ng'ombe, madhali kwa Wakurya, wenyeji wa huko, ng'ombe ndiye mahari, ndiye akiba, na ndiye amwezeshaye kijana kusimamisha boma lake.

Ardhi ilipotwaliwa, mthamini alihesabu nyumba, miti na mazao, akaviandikia thamani. Lakini malisho ya pamoja na njia ya kupeleka mifugo Mto Tigithe havikuwa na mahali pa kuandikwa. Mto wenyewe, mnamo Mei 2009, uliingiwa na maji ya asidi yaliyovuja kutoka mgodini, wafugaji wakaingiwa na hofu. Fedha zililipwa mara moja, zikaishia mikononi mwa baba. Na vijana, ambao wangalirithi shamba na zizi, wengine wakawa wanapanda vifusi vya mgodi kuokota mawe yenye dhahabu, wakaitwa wavamizi katika ardhi ya babu zao. Tarehe 16 Mei 2011 watu watano waliuawa hapo kwa risasi za polisi.

Husemwa kwamba wenyeji nao wana hila, kwani wapo wanaofanya tegesha, wakisimamisha nyumba za haraka na kubananisha miti ili mthamini avikute. Mimi siwezi kuwalaumu kwa ukali: mtu aliyekwisha kuona kwamba nyumba na mti vina bei, ilhali malisho hayana, atajenga na atapanda.

Nako wilayani Serengeti kilichoibana riziki si mgodi, bali ni hifadhi. Tangu mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yatangazwe mwaka 1994, Wanata na Waikoma, wawindaji wa nyumbu tangu zama za wazee wao, wamezidi kubanwa, na tembo akila shamba, mkulima hupewa kifuta jasho kisichotosha kurudisha chakula cha mwaka.

Hata hivyo, sheria haikufunga mlango wa fidia isiyo ya fedha. Kanuni za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, zinaruhusu fidia iwe ardhi yenye rutuba sawa, iwe miche, iwe hata nafaka kwa muda maalumu. Halmashauri za vijiji na zidai ardhi hiyo, pamoja na maji na malisho yake, kabla mtu yeyote hajatia sahihi ya kupokea fedha.