Farasi Hageuzwi kwa Mjeledi

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wazee wetu wa pwani. Nimeukumbuka msemo huo alfajiri moja kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, mahali ambapo Kawangware iko mkono huu na Kibera mkono ule. Katika umati wa watu waendao kazini kwa miguu saa hizo, wamo wasioelekea viwandani wala majumbani mwa matajiri. Hao ni masaisi, watunzaji wa farasi, na kazi yao huanza kabla jua halijachomoza.

Mimi ni mtu wa pwani. Mnyama niliyemzoea ni punda, ambaye Lamu hushindanishwa mbio wakati wa Maulidi. Farasi nilimjua kwanza chuoni, katika sura ya Al-Adiyat, kabla sijamwona kwa macho. Kwa hiyo nikasimama nikatazama.

Msomaji ataniuliza: farasi na Kibera, wapi na wapi? Jawabu ni kwamba ni majirani wa siku nyingi. Zamani mbio za farasi zilikuwa zikifanyika upande wa Kariokor, na ndipo Racecourse Road ilipopata jina lake, hata mwaka 1954 zilipohamia Uwanja wa Ngong. Na pale Jamhuri, ukingoni mwa Kibera, ndipo ilipo Klabu ya Polo ya Nairobi. Kutoka uwanja mmoja hadi wa pili si mbali kwa mguu wa mtu, lakini kwa farasi ni safari kubwa ya maisha.

Sababu ni hii. Farasi wa mbio hufunzwa jambo moja: kwenda mbele kwa kasi, akizunguka upande ule ule mmoja. Wengi huacha mbio wangali vijana, na farasi aweza kuishi miaka 25 au zaidi. Baada ya hapo aende wapi? Wengi wa farasi wa polo wa Kenya ni hao waliotoka katika mbio. Aliyejua kugeuka hupata bwana wa pili. Asiyejua, kumpatia makao ni taabu.

Marekani kugeuka huku wamekufanya mchezo kamili. Wanawake wa Texas waliounda chama chao cha rodeo mwaka 1948 ndio walioukuza. Mapipa matatu hupangwa pembe tatu, mawili yakiachana kama mita 27, na la tatu likiwa kama mita 32 kutoka kila moja. Mpandaji huyazunguka yote, pipa moja kwa upande huu na mawili kwa upande wa pili, kisha hurudi shoti. Akiangusha pipa huongezewa sekunde 5, na hapo ushindi umekwisha kupotea.

Lakini darasa la kwanza halitaki zaidi ya pipa moja tupu na subira. Mwanafarasi huzungushwa kwa hatua, duara likiwa pana. Hatamu ya ndani huvutwa kidogo tu, hata mpandaji auone ukope wa jicho la farasi. Mguu wa ndani hukaa ubavuni kama nguzo, ili mwili mzima ujikunje kufuata duara, na hatamu ya nje huzuia bega lisimwagike. Macho ya mpandaji hutazama aendako, wala si pipa. Farasi akifanya vyema, hatamu hulegezwa papo hapo: hiyo ndiyo asante yake.

Kosa la wenye pupa ni kuvuta kichwa. Kichwa huja, lakini bega huanguka ndani, matako huchezea nje, na pipa hulala chini. Hapo mjinga hutafuta lijamu kali zaidi au mjeledi. Fundi hurudi nyuma: hatua tena, duara pana tena, kisha matiti, na shoti mwisho kabisa. Tena ni kulia na kushoto sawasawa, kama Xenophon wa Uyunani alivyousia zaidi ya miaka 2,300 iliyopita.

Hapa ule msemo wa samaki una mpaka wake. Mifupa ya farasi haijakomaa sawasawa kabla ya miaka kama 5. Duara dogo na la kasi, siku baada ya siku, huumiza viungo visivyoiva. Ubichi ni wakati wa kukunjwa, lakini pia ni wakati wa kuvunjika.

Siku ya mashindano kombe hupewa mwenye farasi, na picha hupigwa mpandaji. Saisi, aliyemzoesha mnyama yule mkono wa binadamu asubuhi kwa asubuhi, husimama pembeni ameshika blanketi. Jioni hurudi Kibera au Kawangware kwa miguu. Mabwana wa farasi wajuao kulegeza hatamu kwa mnyama aliyefanya vyema, na wamkumbuke na huyu pia, katika mshahara wake na katika jina lake.