Kichocho Hakinywewi

Hakipiti kiangazi ila nimeulizwa swali lile lile, sokoni Bariadi, njiani kwenda Zanzui, na hata msibani: "Bwana afya, maji ya bwawa si hutiwa dawa kabla ya kufika bombani? Basi vijana wakioga humo kuna ubaya gani?" Muulizaji aghalabu ni mtu aliyesoma, naye hulitamka neno dawa kwa yakini ya mtu aliyekwisha kushinda kesi, walakini anamhofia mnywaji wa mjini Maswa, ambaye maji ya Bwawa la New Sola humfikia yakiwa yamepita mtamboni, ilhali anayestahili kuhofiwa ni huyo aliyevua shati ukingoni, ambako klorini haijafika wala haitafika.

Naijua dhana inayolilea swali hilo, nami nimechoka nayo: kwamba kichocho hunywewa. Mama huchemsha maji, huyachuja kwa kitambaa cheupe, huyafunika mtungini kwa adabu zote, kisha humtuma mwanawe lamboni akanyweshe ng'ombe, naye moyo umemtulia. Hasha! Kijidudu cha kichocho hakina haja na kinywa cha mtu; huipenya ngozi iliyo nzima, isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu. Robert Leiper alibainisha huko Misri mwaka 1915 kwamba konokono wa maji ndiye mwenyeji wake, na zaidi ya miaka mia baadaye sufuria ingali inalaumiwa.

Asiyesadiki na aende lambo lolote la Itilima au Meatu, amwopoe kwa kijiko kirefu, pasipo kugusa maji, konokono mdogo wa jamii ya Bulinus, amtie katika bilauri ya maji maangavu na kuiweka juani adhuhuri, kisha atazame kwa kioo cha kukuzia: ikiwa konokono ana maradhi, zitaonekana chembe nyeupe zenye mkia wa panda, zikipanda na kushuka, zikitafuta mtu. Na mayai katika mkojo wa mgonjwa nayo huzidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndiyo maana maabara huutaka mkojo wa saa hizo. Nazo ndizo saa mchungaji anapofikisha kundi majini, akajitosa, akakojoa humo humo. Lambo likikauka watu hushukuru, kumbe konokono amejifukia topeni akingoja mvua. Ama lile tone la damu mwishoni mwa mkojo, ambalo wapo wazee hulipokea kama bishara ya balehe, ni kibofu kinachojeruhiwa na mayai, basi. Busega, ufukweni pa Ziwa Victoria, yuko ndugu yake, kichocho cha tumbo, naye huingia kwa mlango ule ule.

Nimewahi kujibiwa kwamba sheria inatosha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za bwawa. Kujitosa majini si shughuli ya kudumu, na wakili wa vijana angeniaibisha barazani. Huko Marekani, bwawa la Quabbin linaloinywesha Boston huruhusu uvuvi wa mashua katika baadhi ya sehemu zake na kukataza kuogelea, nao hawana kichocho.

Kwa hiyo, kwa ufupi: bwawa la kunywewa lizungushiwe uzio, ng'ombe wajengewe mbauti mbali na ukingo, ndoana na mtumbwi wa kasia ruhusa, injini ya petroli hapana, maji ya lambo ya kuogea yalazwe siku mbili katika chombo kisicho na konokono, na aliyekwisha kuoga aende zahanati akapimwe, apewe prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake, aimeze akiwa amekula. Vidonge hivyo huua minyoo aliyo nayo, wala havimkingi na ya kesho, kwa hiyo akirudi majini, na arudi kupimwa.