UA ZURI LINALOUA NG'OMBE

Mfugaji, usicheke ukiambiwa kwamba ua laweza kuua ng'ombe. Huko Marekani ya magharibi, katika vichaka vya milimani na misitu ya misonobari, liko ua dogo la rangi ya buluu iliyoiva, kimo chake sentimita 10 hadi 40 hivi. Wataalamu wa mimea huliita Delphinium nuttallianum, kwa jina la Thomas Nuttall aliyechunguza mimea ya nchi ile katika karne ya 19. Nyuma ya kila ua kimechomoza kijipembe, mfano wa kucha ya nyuma ya jogoo. Ndani yake mna utamu ambao nyuki wakubwa wenye manyoya huufuata.

Ubaya wake ni huu. Theluji ikiyeyuka, mmea huu huwahi kuchipua, maana mizizi yake imeweka akiba, nazo nyasi bado hazijaota vizuri. Ng'ombe mwenye njaa hachagui. Sumu yake huizuia misuli isipate amri ya mishipa ya fahamu. Mnyama hutetemeka, huyumba, kisha huanguka. Akilala ubavu, tumbo hujaa hewa asiweze kubeua, na mwisho pumzi hukatika. Ukimwona hivyo usimswage wala kumkimbiza, kwani ndiko kummaliza. Mlaze kifudifudi, kichwa kielekee juu ya mteremko, ukamwite daktari wa mifugo upesi.

Wafugaji wa kule hawajaribu kuyang'oa maua yote milimani. Nani ataweza? Wao huzuia ng'ombe mpaka nyasi zishibishe na ua linyauke. Kondoo huistahimili sumu hiyo kuliko ng'ombe.

Labda wasema Marekani ni mbali. Lakini delfinia ndefu ya bustani, ile inayolimwa hapa Kenya na kuuzwa ng'ambo, ni ya ukoo huo huo, nayo ina sumu. Twajua mkulima huona uchungu kutupa kitu kibichi wakati wa kiangazi. Hata hivyo, mashina yaliyokatwa na maua yaliyokataliwa sokoni usiwape ng'ombe, hata yakiwa yamekauka. Chimba shimo nje ya malisho, uyafukie, na watoto wanaochunga waambiwe kwa nini.