Kumtuliza Mnyama Bila Kumlaza

Katika Wilaya ya Kyela, ambako mashamba ya mpunga hulimwa kwa maksai, jeraha la mguu mvua zinapokaribia ni hasara kubwa. Na kumtibu mnyama arushaye mateke ni hatari.

Madaktari wa mifugo wanayo njia ya kumtuliza mnyama akiwa amesimama, iliyozoeleka zaidi kwa farasi. Huunganisha dawa mbili. Ya kwanza, kama zailazini, humsinziza. Lakini akiguswa ghafula aweza kupiga teke. Ya pili, ya jamii ya afyuni, kama butofanoli, hupunguza maumivu na mshtuko. Zikishirikiana, kila moja hutosha kwa kiasi kidogo. Hata hivyo, kidonda kikubwa bado huhitaji sindano ya ganzi.

Jambo la kuzingatiwa ni hili: kwa kila kilo ya uzito, ng'ombe huhitaji yapata sehemu moja ya kumi tu ya zailazini apewayo farasi. Kipimo cha farasi chaweza kumwangusha, kumvimbisha tumbo, hata kumuua. Tena, dawa hiyo yaweza kumharibia mimba ng'ombe aliyekaribia kuzaa.

Kwa hiyo vyama vya msingi visigawe dawa hizo kwa wanachama. Wajibu wao ni kujenga vibanio imara, na kumwita daktari wa mifugo mapema.